Ruanda Ipi?

Wajerumani hadi leo huliandika jina la nchi ya Rwanda kwa herufi u: Ruanda. Mtu akilitafuta neno hilo katika rejista ya makumbusho ya Ujerumani, rejista humpeleka Kigali na Maziwa Makuu, nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Ruanda yetu iko nyuzi 9 kusini, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, nchi ya kahawa na mahindi upande huu wa Tunduma. Ziko na nyingine: Ruanda ya jijini Mbeya, Ruanda ya Mbinga mkoani Ruvuma. Na mkanganyiko hauishii kwenye jina la mahali. Wamisionari waliofika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19 waliwaandika Wanyiha, wenyeji wa huko, kuwa Nyika, na huku pwani ya Kenya Wamijikenda nao walikuwa wakiitwa Wanyika na wageni wa zama hizohizo. Kwa hiyo kitu kilichotoka Mbozi, kikaandikiwa maneno mawili tu, Nyika na Afrika Mashariki, kinaweza kukaa rafuni zaidi ya miaka 100 kikihesabiwa kuwa cha Wamijikenda, wala pasiwe na mtu yeyote aliyesema uongo.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Vijana wetu sasa wanayasikia masomo ambayo wazazi wao hawakuyajua: historia ya sanaa, uhifadhi wa urithi kwa njia za kidijitali. Wanaotamani kuyasomea nje ya nchi wengi huvutwa na mitambo, yaani skana za leza, kamera, droni, na picha za pande zote zinazozungushwa kwenye skrini. Mimi nashikilia kwamba mitambo ndiyo sababu ndogo kuliko zote ya kufunga safari. Sababu kubwa ni kadi. Nasema kadi nikiwa na maana ya ile taarifa fupi inayofuatana na kila kitu kilichohifadhiwa: ni nini, kilitoka wapi, nani alikitengeneza, wenyewe walikiitaje, kilitumikaje, na kilitokaje mikononi mwao. Wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto wa Ruanda anayekwenda ng'ambo kusomea urithi anakwenda kujifunza kusoma daftari ambalo wengine walituandikia, kulisahihisha, na kuandika lile ambalo halijaandikwa.

Daftari hilo liko mbali, na lazima tukiri kwamba limetunzwa vizuri. Kanisa la Moravian lilianzisha misheni ya Mbozi mwaka 1899, na mmisionari Traugott Bachmann aliishi humo kati ya Wanyiha hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Makao ya asili ya kanisa hilo ni Herrnhut, mji mdogo wa Saksonia, mashariki mwa Ujerumani, na desturi yao tangu zamani ni kuandika: ripoti, shajara, barua. Karatasi za misheni zao zimekusanywa katika nyaraka za kanisa hukohuko Herrnhut, na mji huohuo una makumbusho ya tamaduni yaliyoanzishwa mwaka 1878 kwa vitu vilivyotumwa na wamisionari kutoka pembe nyingi za dunia. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Jambo linalopaswa kutupa ujasiri ni kwamba Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kijana wa Mbozi akibisha hodi Herrnhut, anabisha kwa watu ambao kanisa lake na lao ni moja. Ukivuka mpaka wa Zambia pale Tunduma, hadithi inageuka. Wanamwanga wa upande wa Nakonde walifikiwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia waliokaa Mwenzo, na karatasi za misheni hiyo ziko Edinburgh. Wanamwanga ni hao hao pande zote mbili, wanaooana na kuzikana kuvuka mpaka, lakini kumbukumbu zao zimegawanywa katika rafu mbili, moja ya Kijerumani na moja ya Kiingereza, kwa sababu ya mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwauliza.

Hata kilichobaki nyumbani kina kufuli. Idara ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inazo kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ambazo UNESCO iliziingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ni mali yetu, ziko kwetu, na mtu anaweza kuomba kuzisoma. Ila sehemu kubwa ya maandishi ya mkono ya zama hizo ni ya mtindo wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi mpaka afundishwe. Mtanzania anayetaka kujua ofisa wa wilaya aliandika nini kuhusu Mbozi anahitaji Kijerumani kwanza, kisha mwandiko, kisha ujuzi wa namna ofisi ya kikoloni ilivyofikiri, ilipendelea kuandika nini na iliona aibu kuandika nini. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa wiki mbili za semina hotelini. Ni miaka miwili au mitatu ya kukaa na walimu na makabati.

Anayedhani nasifia ughaibuni kwa sababu ni ughaibuni, atazame waliotangulia. Fidelis Masao alisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, akaimaliza mwaka 1976, na alichokiandikia ni michoro ya miambani ya Tanzania ya kati. Miaka 30 baadaye, mwaka 2006, michoro ya Kondoa ikaingia Urithi wa Dunia. Na Masao huyohuyo, akiwa mzee, aliongoza kundi lililotangaza mwaka 2016 nyayo mpya za binadamu wa kale huko Laetoli. Felix Chami alikwenda Uppsala, Uswidi, na kazi yake ya mwaka 1994 ilihusu pwani ya Tanzania katika miaka 1,000 ya kwanza baada ya Kristo. Wakati huo ilikuwa kawaida kusoma kwamba miji ya Waswahili ilipandikizwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi; Chami aliwarudisha katikati ya hadithi wakulima na wafua chuma waliokuwapo pwani kabla ya misikiti ya mawe. Bertram Mapunda alikwenda Chuo Kikuu cha Florida, na tasnifu yake ya mwaka 1995 ilihusu ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania, majirani zetu wa Ufipa, wenye matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu. Ninachojifunza kwao ni mpangilio wa safari. Wote watatu waliondoka na swali la nyumbani. Uswidi haikumpa Chami swali. Ilimpa maktaba, wasimamizi na muda wa kulijibu. Msomi anayefika ng'ambo mikono mitupu hupewa swali la wenyeji wake, na atakaporudi, kama akirudi, atakuwa amelijibu vizuri mno swali ambalo kwao hakuna aliyeuliza.

Swali la Mbozi ni lipi? Kwangu mimi ni chuma. Wanyiha waliyeyusha mitapo na kufua majembe kabla jembe la dukani halijawafikia, na mwaka 1965 yalichapishwa maelezo ya kazi hiyo, ya kurasa chache tu, katika jarida la akiolojia la Afrika Kusini. Fikiria safari ya maneno hayo: kazi ilifanyika Mbozi, wazee wa Mbozi walieleza, na maelezo yakachapishwa kusini kabisa mwa bara, kwa Kiingereza, miaka ambayo nchi yetu ilikuwa haina mahusiano na serikali ya makaburu. Mjukuu wa mhunzi anayetaka kuyasoma leo anahitaji kwanza ajue kwamba yapo. Na matanuru yenyewe hayana ulinzi wa uhakika. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huvilinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vingi vya baada ya hapo husubiri Waziri avitangaze. Tanuru lililotumika mara ya mwisho wakati wa Wajerumani halimo humo. Mwenye shamba akilisawazisha apande kahawa, hajavunja sheria, wala simlaumu, maana hakuna aliyemwambia kile kichuguu chenye mavi ya chuma ni kitu gani.

Hapo ndipo historia ya sanaa inapoingia, somo ambalo wengi huliona la kifahari, la kuzungumzia michoro ya mafuta ya Italia. Nadhani wanalielewa vibaya. Historia ya sanaa humfundisha mtu kutazama kwa subira na kueleza alichokiona kwa maneno ambayo mwenzake anaweza kuyahakiki: umbo, kipimo, alama za mkono, mahali pa kiungo, kilichorudiwa na kilichobadilishwa. Tanuru la udongo linalosimama lenyewe, lenye matundu ya hewa yaliyopangwa kwa nafasi sawa, ni kazi ya msanifu. Makumbusho mengi yalilitenga jembe la Mnyiha katika fungu la zana za makabila, huku upanga wa Ulaya ukiwekwa katika fungu la sanaa, na mgawanyo huo ulifanywa na watu, kwa hiyo unaweza kufanywa upya na watu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade, London, miaka ya 1950. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko Museum of Modern Art, New York. Baadaye akawa Balozi wetu wa kwanza Uingereza. Ntiro alisomeshwa katika chuo cha Kiingereza, na bado aliendelea kuchora migomba na watu wa kwao. Hakuna sababu ya kuamini kwamba masomo ya Ulaya lazima yamfute mtu.

Majina pia ni sehemu ya kadi. Dinosauri mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin aliitwa kwa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya huko. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosauri mmoja akapewa jina lake. Lakini tazama bonde letu la Songwe na Rukwa: dinosauri aliyetangazwa mwaka 2017 anaitwa Shingopana songwensis, na wa mwaka 2019 anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa mto Mtuka na kwa mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Mwanafunzi wa Tokyo au Buenos Aires sasa analazimika kutamka Kiswahili ili amtaje mnyama huyo. Hiyo ni kazi ya kadi, na haikuhitaji mtambo wowote.

Sasa mitambo yenyewe. Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, ni mfano mzuri wa inachoweza na isichoweza. Vitabu husema kilivumbuliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye Nott, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Kililindwa rasmi mwaka 1967. Uzito wake uliandikwa kwa miaka mingi kuwa tani 12, na sasa huandikwa tani 16. Tofauti hiyo inaweza kushughulikiwa na kijana mwenye simu nzuri. Akipiga picha mia kadhaa zinazopishana kutoka pande zote, programu ya fotogrametria itamjengea umbo kamili, na umbo likishawekewa kipimo linatoa ujazo. Chuma chenye nikeli kina uzito wa kama tani 7.8 kwa mita ya ujazo. Basi tani 12 zinadai mita za ujazo moja na nusu hivi, na tani 16 zinadai mbili na kidogo. Kazi ya siku moja itaonyesha ni kipi kilicho karibu na kweli. Lakini programu hiyohiyo haitasema Wanyiha waliambianaje kuhusu lile pande jeusi kabla ya Nott. Hilo linakaa kwenye vinywa vya wazee, na vinywa vya wazee vinafungwa mmoja baada ya mwingine.

Tena faili huoza haraka kuliko karatasi. Uingereza mwaka 1986 iliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday kwa kutengeneza toleo la kisasa kwenye diski za leza. Haikufika miaka 20 diski hizo zikawa karibu hazisomeki kwa kukosa mashine, huku kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kikiendelea kufunguliwa na kusomwa. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni walivamia mifumo ya British Library, na nakala za kidijitali zilizowekwa huko, pamoja na zile za nyaraka za mataifa mengine zilizo hatarini, hazikupatikana kwa miezi mingi. Anayesomea uhifadhi wa kidijitali kwa makini hufundishwa mambo haya makavu: kuweka nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikae mbali na nyingine, kuhamisha faili kabla mtindo wake haujapitwa, kuandika ndani ya faili yenyewe ni kitu gani. Nashauri moja ya nakala hizo tatu iwe Songwe. Kumbukumbu za Mbozi zikiwa Saksonia peke yake, hata kama mtandaoni zinaonekana bure, siku seva ya Saksonia ikizimika Mbozi haina kitu.

Kuna pingamizi zito hapa, na wanaolileta si watu wa kupuuzwa. Wanasema kupiga picha urithi wa Mwafrika na kuuweka mtandaoni ni kuuchukua mara ya pili. Ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy ya mwaka 2018, iliyohimiza Ufaransa irudishe mali za Afrika, ilipendekeza pia picha zote ziwekwe wazi kwa kila mtu; mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 100 walijibu kwamba uamuzi huo nao ni wa Waafrika wenyewe. Nawaunga mkono. Uyeyushaji chuma katika nchi hizi ulikuwa na miiko, na dawa, na maneno ambayo hayakusemwa mbele ya kila mtu. Si haki mwiko wa ukoo ufunguliwe kwa dunia nzima kwa sababu tu mmisionari alikuwa na kamera. Ila jibu la pingamizi hili si kukaa nje ya mlango. Wawarumungu wa Australia walishirikiana na watafiti kutengeneza programu iitwayo Mukurtu, ambamo jamii yenyewe huamua nani aone nini: kipi ni cha wote, kipi ni cha wanawake, kipi ni cha ukoo. Aliyeyasoma mambo hayo ndiye atakayeweza kukaa mezani na makumbusho na kusema, picha hii iondoeni, hii iacheni, na hii hapa mmeandika jina lisilo lake. Asiyesoma atasaini fomu aliyoletewa.

Wengine huuliza, na kwa haki, kwa nini mkoa unaohitaji waganga na wahandisi upeleke mtoto kusomea vyungu. Sitawajibu kwa kuwaahidi watalii. Ahadi za utalii zimetolewa nyingi, na kimondo hakijamjengea mtu wa Ndolezi ghorofa. Nawajibu kwamba hatusemi kijiji kizima kiende. Mtu mmoja au wawili katika kizazi wanatosha, na ufadhili wa masomo haya, kama ule wa DAAD wa Ujerumani au wa Jumuiya ya Madola, haunyang'anyi kitanda hospitalini. Lililo gumu zaidi ni kwamba wanaokwenda wengi hawarudi, na wanaorudi hukuta hakuna kiti. Hilo ni kweli, na halmashauri zetu zina lawama, kwa kuwa ofisa utamaduni wa wilaya mara nyingi huhesabiwa ni mtu wa ngoma za mapokezi tu. Lakini kazi ya kadi ina jambo ambalo uganga hauna: inaweza kufanyika kutoka huko huko aliko, ilimradi uzi na nyumbani usikatike. Aliyeko Leipzig anayesahihisha neno Nyika kuwa Wanyiha wa Mbozi katika rejista 200 amefanya kazi ya Mbozi.

Na chuo chetu? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na kina walimu ambao wanafunzi wa nje huvuka bahari kuwafuata. Naafiki kabisa kwamba shahada ya kwanza ipatikane hapo. Na kabla ya safari ya ng'ambo kuna shule nyingine, ya wazee. Mwaka wa masomo wa vyuo vya Ujerumani huanza Oktoba. Kiangazi cha Mbozi kiko kati ya Juni na Oktoba, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Kijana aliyepata nafasi ana miezi hiyo ya kukaa na wazee wa koo za wahunzi, Ruanda, Iyula, Igamba, kokote waliko, na kuwauliza kwa Kinyiha, si kwa Kiswahili, jina la kila sehemu: tanuru, tundu la hewa, mvukuto, mkaa wa mti gani, jiwe la kufulia, jembe likiwa bichi na likiwa tayari. Arekodi sauti zao kwa ruhusa yao, aandike tarehe, ukoo, kitongoji, na nyuzi za ramani. Pengine atapata maneno 40, pengine 15. Kisha Herrnhut, mlinzi wa ghala atakapomfungulia droo na kumwonyesha kipande cha chuma chenye kadi ya maneno mawili, atoe daftari lake na kuanza kulinganisha.